Nimekariri maneno elfu moja, mbona alama za Kiingereza hazipandi kwenye GRE?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni binti wa Arua. Nilisomea takwimu Makerere, na sasa nafanya kazi ya kukusanya na kuchambua data huko Yumbe. Nataka kuomba masomo ya uzamili Marekani, na vyuo viwili kati ya vitatu nilivyochagua vinataka GRE, ule mtihani wa Kiingereza, hesabu na insha wa kuombea uzamili. Nilifanya jaribio moja la PowerPrep, yale majaribio ya mazoezi ya wenye mtihani, nikapata 163 za hesabu na 146 za lugha. Nikaona shida yangu ni msamiati, nikanunua kadi na kukariri maneno 1,000 kwa miezi miwili. Niliporudia jaribio lile lile nikapata 147. Nimebakiza miezi minne. Nikariri mengine elfu, au kuna kitu sikioni? Halafu, mtihani wenyewe niufanyie nyumbani au nisafiri hadi Kampala?

JIBU: Salaam, binti yangu. Usikariri mengine elfu. Hayo uliyo nayo yanatosha kukuvusha mbali na 147, ila hujafundishwa namna ya kuyatumia. Na kosa si lako. Desturi ya kukariri kadi tuliirithi kutoka kwa mtihani ambao haupo tena. Zamani GRE ilikuwa na maswali ya vinyume na ya kulinganisha jozi za maneno, na mwenye kukariri kamusi alivuna. Maswali hayo yaliondolewa mwaka 2011. Tangu hapo kila neno unaloulizwa limo ndani ya sentensi, na ni sentensi inayoamua jibu.

Tuanze na swali la pengo. Hili nimelitunga mwenyewe kwa mtindo wa mtihani:

"Although the minister was known for her ______ speeches, her reply to the farmers was so brief that several of them wondered whether she had finished."

Majibu matano: candid, terse, erudite, verbose, scathing.

Najua ulichofanya. Umesoma sentensi mara moja, ukashuka kwenye majibu, ukaanza kuyajaribu moja moja. "Candid", msema kweli: waziri anaweza kusema kweli. "Erudite", mwenye elimu: inamfaa waziri. "Scathing", ya kuchoma: nayo inawezekana. Kila neno unalifahamu, kila neno linaonekana kukubali, mwisho unachagua lenye sauti nzuri. Hapo ndipo alama zinapopotelea, na kadi haziwezi kukusaidia kwa sababu maana zote tano ulikuwa unazijua.

Fanya hivi badala yake. Funika majibu kwa kiganja. Tafuta neno linalogeuza mwendo wa sentensi. Hapa ni "although", yaani ingawa. Kwa hiyo upande wa kwanza unapingana na upande wa pili. Upande wa pili unasema nini? Jibu lilikuwa fupi mno, hata watu hawakujua kama limekwisha. Basi hotuba zake za kawaida zilikuwaje? Ndefu. Sasa liweke neno hilo kwenye pengo, kwa Kiswahili hivyo hivyo: ndefu, zenye maneno mengi. Ukishalisema, ondoa kiganja. "Verbose" linakungoja. "Terse" ni mtego wa aliyeiona "brief" akasahau "although". Mengine matatu yanaweza kuwa kweli juu ya waziri, lakini sentensi haikutoa ushahidi wowote juu yake.

Narudia jambo la Kiswahili kwa sababu wanafunzi wengi huniambia walikatazwa shuleni kufikiri kwa lugha ya nyumbani. Neno la kwanza linalojaza pengo linaweza kuja kwa Kiswahili, Kilugbara au Kinubi. Lolote litakalokujia haraka. Kazi ya neno hilo ni kukulinda dhidi ya majibu yaliyopangwa kukuvuta. Ukijilazimisha kulitafuta kwa Kiingereza tangu mwanzo, utachelewa, kisha utayakimbilia majibu, na umerudi pale pale.

Kwenye mapengo mawili au matatu, usianze na la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza. Anza na lenye ushahidi ulio wazi zaidi, hata kama ni la mwisho. Kumbuka pia kwamba ukikosa pengo moja kati ya matatu hupati hata sehemu ya alama, kwa hiyo ukimaliza isome sentensi yote tena ikiwa na maneno yako ndani.

Aina ya pili inakupa sentensi yenye pengo moja na maneno sita. Unachagua mawili yanayoipa sentensi maana moja. Tazama hili:

"The tablets did not cure the fever, they merely ______ it for a night."

Maneno: checked, examined, curbed, aggravated, concealed, worsened.

Nimeyapanga maneno haya makusudi yafanane na mitego utakayoikuta. "Aggravated" na "worsened" ni jozi safi, yote ni kuzidisha ubaya, lakini "merely" inasema dawa ilifanya kidogo, haikuponya, haikusema iliumiza. "Concealed", ilificha, linaingia vizuri ila halina mwenzake. Mtu wa kadi ataona "checked" na "examined" akafurahi, kwa kuwa kwetu kucheki ni kukagua. Lakini vidonge havikagui homa. Jibu ni "checked" na "curbed": viliizuia, viliituliza usiku mmoja.

Hapo umeona msamiati unaokusumbua kweli. Si yale maneno marefu ya ajabu uliyoyaandika kwenye kadi. Ni maneno mafupi unayoyajua tangu shule ya msingi, ambayo yana sura ya pili. "Qualify" kwetu ni kufuzu. Kwenye mtihani mara nyingi ni kuiwekea kauli mipaka, kuipunguza ukali. "Pedestrian" si mtu wa miguu tu, ni kitu cha kawaida kisichosisimua. "Flag" ni kulegea, kuishiwa nguvu. "Want" ni upungufu. "Temper" ni kupunguza makali. "Sanction" inaweza kuwa kuidhinisha au kuadhibu, na sentensi peke yake ndiyo itakayokuambia ni ipi. Kiingereza chetu cha Uganda kinaongeza ugumu kidogo, kwa kuwa tumeyapa maneno kazi zetu wenyewe: kondakta wa taksi akikupa "balance" anakupa chenji, na abiria akikuambia "extend" anataka usogee. Ni Kiingereza halali kwa maisha yetu, wala sikuambii ukionee haya. Nakuambia tu kwamba mtungaji wa mtihani yuko Marekani na hajawahi kupanda taksi yetu.

Kwa hiyo kadi zako usizitupe. Zipitie upya, na nyuma ya kila kadi futa tafsiri ya neno moja, uandike sentensi kamili uliyoikuta mahali fulani. Neno ambalo hujawahi kulikuta kwenye maandishi ya mtu, liache kwanza.

Ufahamu ni karibu nusu ya maswali ya lugha, na hapo kazi yako ya Yumbe ni mtaji ambao hujautambua. Vifungu vingi ni vya aya moja tu: sayansi, historia, sanaa, jamii. Mtu anadai jambo, mwingine analipinga, mwandishi anaonyesha upande wake kwa neno moja au mawili. Ripoti za utafiti unazozisoma kazini zina umbo hilo hilo. Kila siku chukua aya moja ngumu, isome, ifunike, kisha sema kwa sauti, kwa Kiswahili, mambo mawili: mwandishi anadai nini, na sentensi ya katikati imewekwa pale kwa kazi gani. Usikariri habari zake. Baadhi ya maswali huuliza kazi ya sentensi, si yaliyomo ndani yake. Na jibu lenye "always", "never" au "only" lidai ushahidi kabla ya kulikubali. Sisemi ni baya kila mara, nasema lazima kifungu kilibebe. Kuna pia maswali ya majibu matatu ambapo moja, mawili au yote yanaweza kuwa sahihi. Kila jibu lihukumu peke yake, kana kwamba mengine hayapo.

Muda wake: lugha ina vipande viwili, maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Ni kama dakika moja na nusu kwa swali. Kipande cha pili huwa kigumu au chepesi kulingana na ulivyofanya cha kwanza, kwa hiyo usikianze cha kwanza ukiwa bado unajipasha moto. Fanya maswali mawili matatu ya mazoezi asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Jibu baya halikatwi alama. Usiache pengo hata moja. Unaruhusiwa kuweka alama kwenye swali na kulirudia ndani ya kipande hicho hicho, basi kifungu kirefu kikikukwamisha kiache, chukua mapengo kwanza.

Insha ni moja tu siku hizi, dakika 30, na mada zote zinazoweza kutoka zimewekwa wazi kwenye tovuti ya ETS, wenye mtihani. Chagua moja kila wiki uiandike kwenye kompyuta, si kwenye daftari, kwa sababu programu ya mtihani haikusahihishii tahajia. Nikuonye kosa moja tu ambalo naliona kila wiki kwa sisi wenye Kiswahili kichwani: tunasema "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja", na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza "although" na "but" hazikai pamoja kwenye sentensi moja. Chagua moja.

Hesabu yako ni nzuri. Saa mbili kwa wiki zinatosha kuilinda.

Sasa miezi minne. Mwezi wa kwanza usiangalie saa kabisa. Fanya maswali kumi kwa siku ukiwa umefunika majibu, na kila ulilokosa liingie kwenye daftari la makosa pamoja na sababu: sikujua neno, sikuona neno la kugeuza, nilisoma haraka, au nilileta mawazo yangu mwenyewe. Nakusihi usiandike "uzembe". Uzembe hautibiki kwa sababu hausemi kitu. Mwezi wa pili na wa tatu ongeza saa, na ufahamu kila siku. PowerPrep ya bure ina majaribio mawili. La kwanza umelifanya mara mbili, kwa hiyo ile 147 ya pili hata haikupimi sawasawa, maswali ulikuwa umeyaona. La pili ulitunze. Lifanye wiki tatu kabla ya mtihani, kwa kikao kimoja cha karibu saa mbili, simu imezimwa.

Kuhusu mahali. Mtihani wa nyumbani unataka chumba ambacho hakuna mtu atakayeingia, kompyuta yenye kamera, intaneti isiyokatika, na kuandikia kwenye ubao mdogo mweupe unaofutika, kwa kuwa karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Mtoto akifungua mlango kukusalimia, mtihani unaweza kusimamishwa. Nyumba zetu ni za watu wengi, na umeme nao unaujua. Mimi ningekwenda kituoni. Ila usipande basi la usiku la kutoka Arua ukashuka Kampala alfajiri na kuingia mtihani saa tatu. Nilishampoteza mwanafunzi hodari kwa njia hiyo. Alisinzia kwenye kifungu cha pili. Fika siku mbili kabla, lala kwa ndugu, nenda ukakione kituo.

Kabla ya kulipa, fanya mambo mawili. La kwanza, andikia vile vyuo viwili uulize kama GRE bado ni lazima kwa mwaka utakaoomba, kwa sababu vyuo vingi vya Marekani viliiondoa au kuifanya hiari tangu janga la Uviko mwaka 2020. Ada ni dola 220, karibu shilingi laki nane, na hiyo si fedha ya kubahatisha. La pili, jisajili kwa jina lililo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti ina jina la ukoo ambalo hulitumii kazini, liandike. Kama kitambulisho chako cha kazi kimegeuza mpangilio, kisahau.

Matokeo yasipokuridhisha, unaweza kurudia baada ya siku 21, na ni wewe unayechagua alama zipi zitumwe chuoni. Alama hudumu miaka 5. Kwa hiyo panga tarehe ya kwanza mapema, ubakize nafasi ya pili kabla ya vyuo kufunga maombi, ambavyo vingi hufunga kati ya Desemba na Januari.

Daftari lako la makosa likifika maswali mia moja, hesabu ni sababu ipi imeongoza, uniandikie. Wewe ni mtu wa takwimu, jedwali utalichora vizuri kuliko mimi. Ikiwa ni neno la kugeuza, tutaendelea na mapengo. Ikiwa ni kuleta mawazo yako mwenyewe, nitakutumia vifungu vya kuanzia.