Oili nzito na gari la mbio: fundi yuko sahihi?

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX ya 2005 yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Fundi hapa Tabora ameweka oili ya 20W-50 kwa sababu ya joto letu. Tangu hapo gari ni zito asubuhi na turbo inachelewa kuitika. Nifanye nini? – Msomaji, Ipuli

JIBU: Iondoe. Namba iliyo kabla ya W inaonyesha uzito wa oili injini ikiwa ya baridi: ikiwa ndogo, oili ni nyepesi. Ya pili ni uzito wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Injini iliyopata moto huwa karibu na joto hilo, iwe Tabora au Ulaya. Kwa hiyo hoja ya jua haina uzito.

Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili nzito ya asubuhi huchelewa kuufikia, na hapo ndipo bushi, yaani vishikizo vya mhimili huo, zinapolika. Pampu ya oili nayo hula nguvu zilizopaswa kwenda kwenye magurudumu.

Nunua oili ya sintetiki halisi (iliyotengenezwa kiwandani) ya 5W-40, lita 5, filta na washa (pete ya kuziba) mpya ya nati ya kumwagia oili. Ukishamwaga ya zamani, mimina lita 4, washa injini, izime, subiri dakika 10 gari likiwa sehemu tambarare, kisha pima kwa kijiti cha oili na uongeze kidogokidogo. Usipitishe alama ya juu: oili ikichapwa na krenki, mhimili mkuu wa injini, hutoa povu, na povu halilainishi. Badilisha kila kilomita 5,000.

Ukitoka Nzega kwa kasi, usizime ghafla. Acha injini iungurume dakika moja, la sivyo oili itaungulia ndani ya turbo.