Ndege Mwanza: si kila kitu alijenga Mjerumani

*Uwanja wa ndege wa Mwanza ulijengwa na Mjerumani? (Ilemela)*

Hapana. Mjerumani alitimuliwa Mwanza Julai 1916. Swali hili haliishi kuletwa, na wengi wanaouliza wana sululu mkononi wakitafuta rupia, sarafu za Mjerumani. Acheni kuchimba ardhi ya watu.

*Bibi alisimuliwa na baba yake kwamba ndege za Ulaya zilitua ziwani. Kweli? (Kirumba)*

Kweli kabisa. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya kila wiki kutoka London, na mwisho wa safari ulikuwa hapa Mwanza. Kuanzia Khartoum walipanda ndege ya majini, Short Calcutta, ikipitia Juba, Port Bell na Kisumu. Injini zake tatu zilifungwa juu, kati ya bawa la chini na la juu, maji yasizirukie. Abiria walikaa ndani. Marubani walikaa wazi, mvua ya ziwa ikiwachapa usoni. Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town kupitia Nairobi, Mwanza ikaachwa pembeni. Mrekodi bibi leo, usingoje msiba ndipo uanze kuuliza ndugu.

*Marubani wa Vita Kuu ya Pili walifundishwa Mwanza? (Nyegezi)*

Shule kubwa za Waingereza upande huu wa Afrika zilikuwa Rhodesia Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, kuanzia 1940. Mwanafunzi alianza na ndege ndogo ya Tiger Moth, akahamia Harvard, ndege yenye nguvu zaidi. Belvedere, kimoja cha viwanja vya ndege vya shule hizo, leo ni mtaa wa makazi Harare. Ndivyo viwanja vinavyopotea.

*Naweza kurusha droni karibu na uwanja? (Pasiansi)*

Bila kibali, usithubutu.

*Ni kweli Saanane ilipigwa bomu? (Igogo)*

Ndiyo, na inaniuma kwamba kijana wa Igogo, anayekiona kisiwa kila asubuhi, analazimika kuuliza. Mwishoni mwa Machi 1979, katika vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kumsaidia Idi Amin. Ililenga matangi ya mafuta mjini, ikakosa, ikapiga hifadhi ya Saanane na kuua swala. Siku chache baadaye ndege zetu zilijibu Uganda. Wazee walioshuhudia wapo, wafuateni. Na popote palipopita vita, ukikuta chuma usichokijua usikiguse, wala usikipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kaa mbali, waite polisi.