Je, Mungu ndiye aliyemwangusha mwanangu mkarafuuni?

SWALI: Padri, msimu uliopita mwanangu aliteleza mkarafuuni akavunjika nyonga, na mpaka leo hatembei sawasawa. Mwenye shamba ndiye aliyemhimiza apande ilhali matagaa yangali yamerowa mvua. Kila nikimkumbusha hunijibu, "Bibiye, hiyo ni amri ya Mungu." Hata kanisani nimeambiwa kwamba Mungu alikwisha kupanga. Ikiwa alipanga, mwenye shamba ana kosa gani? Na nikimdai gharama za matibabu, nitakuwa nashindana na Mungu?
Mama Mkristo, Wete, Pemba

JIBU: Mama yangu, pole sana, wewe na kijana. Waliokuambia kwamba hakuna jambo linalomponyoka Mungu hawakukudanganya, lakini wamelitumia neno la kweli kumfichia mtu wajibu wake, na hilo Maandiko hayaliruhusu.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu yule yule tunayemkiri kuwa Mtawala wa vyote anamwamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukuta kandokando ya dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Kama kila aangukaye huanguka kwa amri tu, isiyomhusu mwanadamu yeyote, sheria hii ingekuwa na kazi gani? Mwenye nyumba angesema tu kwamba imeandikwa. Mungu hakumpa nafasi ya kusema hivyo, na mwenye shamba hakupewa pia.

Sehemu ngumu ni kuyashika mambo mawili kwa pamoja. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, na katika Mwanzo 50:20 anawaambia kwamba wao walikusudia mabaya, bali Mungu alikusudia mema. Tendo ni moja, makusudi ni mawili, na wema wa Mungu haukuyasafisha mabaya ya wauzaji. Sisi wa visiwa hivi tuna sababu ya kulielewa hilo kuliko wengi, kwa maana Kanisa Kuu la Mkunazini, mjini Unguja, limesimama mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Namshukuru Mungu kila ninapoona sala zikiswaliwa pale, wala sithubutu kusema kwamba kwa hiyo wauzaji wa watu walikuwa wakimtumikia.

Wakristo wamebishana sana juu ya namna mambo haya mawili yanavyokutana. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alimpinga mwalimu Pelagius, aliyeukuza mno uwezo wa mwanadamu wa kutenda mema bila kutanguliwa na neema, yaani msaada wa bure wa Mungu. Na Sinodi, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, ya Orange ya mwaka 529, iliyoifuata njia ya Augustino katika kuitanguliza neema, iliwalaani wanaosema kwamba Mungu amewapangia watu kutenda uovu. Katika Sinodi ya Dort, huko Uholanzi, mwaka 1618 hadi 1619, wafuasi wa Calvin, mwalimu wa Kiprotestanti, waliyakataa mafundisho ya wafuasi wa Arminius, mwalimu wa Kiholanzi, kuhusu uteule, yaani namna Mungu anavyowachagua watakaookoka, na mgawanyiko huo haujaisha. Hata hivyo Ukiri wa Westminster, tamko la imani la Waprotestanti lililoandikwa Uingereza mwaka 1646, ambao ni mkali kabisa katika kufundisha kwamba Mungu ameamuru yote yatokeayo, unasema papo hapo kwamba yeye si mwanzilishi wa dhambi. Mimi mwenyewe siwezi kukueleza fundo hilo linafungukaje, na nina mashaka na kila anayedai kulifungua lote.

Lakini pia usikubali mtu akuambie kwamba kijana ameadhibiwa. Bwana Yesu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4), alikataa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko wengine.

Basi kumdai si dhambi. Mwendee kwanza pamoja na mzee mmoja wa kanisa, kwa upole, ukiwa na stakabadhi za hospitali. Akikataa, mpelekee sheha shauri lako. Nami nitamwombea kijana, na mwenye shamba pia.