Mizabibu imekuwa kichaka, nikate au niache?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Kasese, nina mizabibu michache nyuma ya nyumba, niliipogoa kabla ya mvua za mwezi wa tatu, sasa imechipua mpaka waya hauonekani. Matawi mengine yana vishada vidogo, mengine hayana kitu. Nikate?

JIBU: Marahaba mama. Kata, tena wiki hii hii. Kule Ulaya mzabibu unalala baridi yote halafu unaamka wenyewe joto likirudi, lakini huku kwetu karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza, kinachouamsha ni mkasi wako, ndo maana umechipua kwa fujo hivyo. Angalia chipukizi likifika kama shibiri, kishada kinatokea upande wa pili wa jani, kama kijimkungu cha punje za kijani, machipukizi hayo yenye vishada ndo ya kuacha. Jicho, yaani pale kwenye tawi chipukizi linapotokea, likitoa machipukizi mawili bakiza lenye kishada, na yanayoota chini kwenye shina yang'oe kwa kidole gumba yakiwa bado laini, yanakunywa nguvu bure. Mche wa mwaka wa kwanza toa vishada vyote, najua inauma lakini mizizi kwanza.

Samadi punguza kwa sasa, majani unayo ya kutosha. Ninachokiogopa zaidi ni ukungu na mvua hizi: geuza jani, ukiona doa la njano juu na unga mweupe chini yake, toa majani hayo upige dawa ya kopa, yaani dawa ya ukungu yenye madini ya shaba, pande zote mbili za majani, asubuhi kukiwa kukavu.