Usichapishe hilo dodoso kwanza

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Umesema dodoso la masuali 45 liko tayari kwa wakulima wa mwani Pemba, na unataka tukusaidie idadi ya watu wa kuhoji, SPSS (ile programu ya kuchambua takwimu) na sura ya pili, ya mapitio ya maandiko. Niambie kwanza: kitu gani hukijui kuhusu hao wakulima? "Mchango wa mwani kwa wanawake" ni kichwa cha habari, si tatizo la utafiti.

Nina uchungu na jambo hili. Mwenzangu aliyenitangulia chuoni aliniambia utafiti ni dodoso, mengine maneno tu. Akanipa lake nibadilishe jina la shehia. Nikachukua fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya watu wa kuhoji: wakulima 2,000, kosa la asilimia 5, ikatoka 333. Nikachapisha nakala 333 za kurasa nne nne, nikapanda boti hadi Mkoani, gari hadi Micheweni. Nimefika bamvua linatoka, maji yamekupwa mbali, kina mama wote wako pwani, mie nimekaa kwa sheha na boksi langu. Waliporudi wamelowa, wamechoka, nikaanza: "Mwani unakuongezea kipato?" Ndiyo. "Unakusaidia kusomesha watoto?" Ndiyo. Wiki tatu za ndiyo! Nani atamwambia mgeni mwenye karatasi kwamba kazi anayoamkia kila siku haimfai kitu?

Mbele ya jopo la chuo nikaulizwa suali moja: "Tatizo lilikuwa nini?" Nikakosa la kusema. Nikarudishwa mwaka mzima, na nauli ile mama yangu aliitoa kwenye karafuu zake. Baadaye nikaja kujua kuwa yule mwenzangu aliyenipa dodoso naye alirudishwa kwa kosa hilo hilo, akanificha. Sijamsamehe.

Na tatizo lenyewe nililiona kwa macho yangu. Bi mkubwa mmoja, anafunga mbegu kwenye kamba, vidole vimepasuka kwa chumvi, aliniambia mwani wa aina ya kotonii ndio wenye bei, lakini maji ya karibu yakipata moto inageuka nyeupe na kukatika, basi wamebaki na spinosamu, aina nyengine ya bei ndogo. Nikamuuliza mbona hawendi maji ya kina. "Mwanangu, nani atanifunza kuogelea leo? Na chombo cha nani?" Sikuyaandika, kwa sababu dodoso halikuwa na nafasi yake.

Hilo ndilo suali: nini kinawazuia wanawake kulima kotonii kwenye maji ya kina? Suali kama hilo linajichagulia njia: mahojiano marefu na kina mama 15 au 20, kushinda nao pwani, kuwatafuta waliojaribu wakaacha. Ukishajua vizuizi, ukitaka kujua vimewakuta wangapi, hapo dodoso lina kazi, na fomula pia.

Wende siku mbili bamvua likitoka, bila karatasi hata moja. Ukirudi, niandikie hapa hapa sentensi moja ya kitu ambacho hukijui.