Ile sentensi ya "mbwa ni rafiki yetu" iacheni

Wadogo zangu mnaoingia shuleni kufundisha watoto habari za mbwa, juma lililopita nilikaa nyuma ya darasa la gredi ya nne hapa Malindi nikimsikiliza mmoja wenu. Kaingia na chati safi, maandalio ya somo yamenyooka, kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MBWA NI RAFIKI YETU. Watoto wakaitikia mara tatu, madirisha yakatikisika. Sikumkatiza mbele ya wanafunzi. Lakini nilirudi nyumbani na uzito, na ndio unaonifanya niandike.

1. Sentensi hiyo niliiandika mimi kabla yenu, kwa mkono huuhuu. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Palikuwa na mvulana wa miaka minane, aketiye mbele, ambaye akisikia mbwa akibweka uwanjani alikuwa anapandisha miguu juu ya dawati. Nikaona kazi yangu ni kumtoa hofu. Nikamsimamisha, akairudia sentensi, tukampigia makofi.

Siku mbili baadaye, akielekea chuoni, yaani madrasa, alasiri, akamkuta mbwa koko amelala chini ya mkokoteni wa maji. Akamwendea na kipande cha mahamri. Mbwa yule alikuwa amezaa, watoto wako nyuma ya gurudumu. Alikaza mwili, akalaza masikio, akaonyesha weupe wa jicho. Hayo yote ni maneno ya mbwa, na mimi sikumfundisha hata moja. Akamuuma muundi.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni siku nne zilizofuata. Mtoto alinyamaza. Aliogopa atagombezwa kwa kugusa mbwa njiani kwenda kusoma Kurani, basi akafanya alichokijua: akaosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyofundishwa kujitohara. Udongo akausugua ndani ya kidonda. Akashusha kanzu, akaenda kusoma. Bibi yake ndiye aliyemwona anachechemea, akamleta kwangu. Alipofunua ule mguu niliona chembe za mchanga bado zimo ndani ya tundu mbili za meno.

Tulikimbia hospitali kwa tuktuk. Alidungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ya kwanza siku hiyohiyo, kisha ya siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, zote nilimpeleka mwenyewe. Kirusi cha ugonjwa huo hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya dalili, na dalili zikishatokea karibu hapana anayepona. Basi miezi ile, kila asubuhi kwenye gwaride, nilimtafuta yule mtoto kwa macho kabla bendera haijapanda. Alinusurika, alhamdulillahi. Leo ni kijana mrefu kunishinda.

2. Jambo la kwanza kufundishwa, kabla hata ya picha ya mbwa, ni hili: ukiumwa au ukiparuzwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mwambie mtu mzima, nenda hospitali siku hiyohiyo. Si pilipili, si majani ya chai. Na wafanye kwa vitendo kwenye kibuyu chirizi, kile cha kunawia mikono, mkitazama saa. Dakika ya tano wataanza kunung'unika, waacheni wanung'unike.

3. Mbwa akikujia, simama kama mti, mikono chini, usimkodolee macho. Ukianguka, jikunje kama jiwe, ukinge uso na shingo.

4. Msiingie na mbwa darasani, na kabla ya kwenda shule yoyote, mpitieni maalim wa chuo cha jirani. Mimi nilimwendea nimeshachelewa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha kwa upole akaniuliza kwa nini sikuja mapema. Jumamosi ile yeye mwenyewe aliwasimulia wanafunzi juu ya mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf, na yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Na akawaambia: udongo ni wa tohara, kidonda kina sabuni yake. Maneno yake yalishika kuliko chati zangu zote.

5. Kazi za mbwa waulizeni watoto. Wa kutoka Ganda na Kakuyuni watawaambia habari za mbwa wanaolinda mbuzi, wengine wana baba ambao ni mabawabu na hukesha na mbwa getini. Msichana mmoja aliniambia mbwa wao huijua baiskeli ya baba yake kabla haijakata kona. Hapo ongezeni wale mbwa wa Shirika la Wanyamapori wanaonusa pembe za ndovu kwenye makontena bandari ya Mombasa. Kisha ulizeni: wenu amechanjwa? Mbwa 7 katika 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, aliyofariki Pasteur, mtengenezaji wa chanjo ya ugonjwa huo, mwaka 1895, watoto huwaleta mbwa wao uwanjani wachanjwe, kwa kamba za minazi, hata kwa vipande vya leso. Mwaka wa pili baada ya mkasa ule, yule mvulana alikuja. Akasimama mbali na foleni, mikono chini, akaanza kuyatazama masikio.

Jumatatu tuko upande wa Muyeye. Chati ziacheni ofisini, leteni sabuni za vipande.