Nenda Mafunzoni na Kazi Iliyokukwama

Miaka michache baada ya serikali za kaunti za Kenya kuanza kazi mwaka 2013, nilisoma hewani taarifa iliyodai kwamba mamilioni ya shilingi yalikuwa yameibwa katika kaunti moja ya eneo hili la Ziwa. Habari hiyo nilikuwa nimeichota katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, nikaiandika mbio mbio kabla ya taarifa ya adhuhuri, nikajiona shujaa. Ripoti yenyewe haikutaja wizi popote. Ilisema kwamba maafisa wa kaunti hawakumwonyesha mkaguzi stakabadhi za kuthibitisha matumizi yale. Kati ya kukosa kuonyesha risiti na kuiba kuna mwendo mrefu, nami niliuruka kwa neno moja. Kabla ya jua kutua mhariri wangu alikuwa amepigiwa simu mara tatu, na kesho yake tulisoma masahihisho hewani, msomaji akiwa ni mimi mwenyewe.

Linaloniaibisha zaidi ni kwamba wakati ule nilikuwa na vyeti tisa vya mafunzo kwenye droo yangu, na vitatu kati yake vilihusu uandishi wa habari za ugatuzi. Nilivipata katika hoteli za Kisumu na Nakuru, kwenye semina za siku mbili ambazo mtoa mada alifika na maelezo yake kwenye skrini, akayasoma, tukauliza maswali mawili matatu, tukapigwa picha ya pamoja, kisha tukapanga foleni ya kutia sahihi ili turudishiwe nauli. Siwacheki wanaozihudhuria kwa ajili ya marupurupu. Mwandishi wa mashinani anayelipwa kwa kila habari inayotumika anaweza kupata katika siku mbili za semina kiasi ambacho wiki nzima ya kuzunguka Ahero, Muhoroni na Bondo haimpi. Ila ukweli ni kwamba hakuna hata moja kati ya semina hizo tisa iliyonizuia kuandika neno “wizi” mahali pasipo na wizi.

Mafunzo ya kumi yalikuwa tofauti, na tofauti ilianzia kwenye barua ya mwaliko. Kila mshiriki aliagizwa afike na waraka halisi unaomshinda kuusoma. Nilibeba ile ile ripoti iliyoniumbua, ingawa nilikuwa nimekwisha kuichukia. Tulikaa siku tano. Mkufunzi mmojawapo hakuwa mwanahabari kamwe; alikuwa mhasibu aliyestaafu baada ya miaka mingi ya ukaguzi, mzee mpole aliyetuita “wanangu” na kututesa bila huruma. Asubuhi nzima ya kwanza tulisoma ukurasa mmoja tu. Kila tulipofika kwenye kitenzi alitusimamisha na kutuuliza: hapa mkaguzi amesema amekuta nini, na amesema hakukuta nini?

Asubuhi hiyo ndipo nilipojua kwamba maoni ya mkaguzi huwa ya aina nne, na kwamba aina hizo si mapambo. Kuna ripoti ambayo mkaguzi ameridhika na hesabu. Kuna ile ambayo ameridhika isipokuwa katika mambo fulani anayoyataja. Kuna ile anayosema kwamba hesabu zilivyoandikwa hazionyeshi hali halisi. Na kuna ile ambayo amekataa kutoa maoni kwa sababu hakupewa nyaraka za kutosha kumwezesha kuamua. Hiyo ya mwisho wengi wetu tulikuwa tukiidhania kuwa nyepesi kwa kuwa haina maneno makali, kumbe yaweza kuwa nzito kuliko zote. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimeziweka zote katika kapu moja lililoandikwa “ripoti mbaya”.

Mchana tulihamia kwenye ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ofisi inayofuatilia jinsi serikali zinavyotumia bajeti zao, zinazotolewa kila robo mwaka. Hapo tulikutana na maneno matatu ambayo nimekuja kuona kwamba ndiyo yanayowaangusha waandishi wengi wa habari za kaunti: fedha zilizotengwa, fedha zilizotolewa, na fedha zilizotumika. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengewe maendeleo katika muda wa miaka kadhaa, na gavana yeyote anaweza kusimama jukwaani akasema ametimiza sharti hilo bila kudanganya, huku barabara ya wadi yako ikiwa bado ni matope, kwa sababu kutenga si kutoa, na kutoa si kutumia. Mwandishi anayeyajua maneno hayo humwuliza gavana swali la pili. Asiyeyajua hunakili hotuba.

Ushauri wangu basi unatokana na hapo. Ukitaka mafunzo ya juu katika kazi hii, usianze kwa kutafuta kozi. Anza kwa kutazama meza yako: ni habari gani imelala hapo miezi miwili kwa sababu hujui hatua inayofuata? Kama imekwama kwa sababu jedwali la kurasa 60 liko katika faili la PDF ambalo huwezi kulijumlisha, unachohitaji ni mafunzo ya takwimu, na pengine siku moja ya kujifunza Tabula, programu ya bure inayotoa majedwali kwenye PDF na kuyapeleka kwenye lahajedwali kama Excel. (Haisaidii kurasa zilizopigwa picha kwa skana, na nyaraka nyingi za kaunti zetu ndivyo zilivyo, kwa hiyo jiandae pia kuchapa kwa vidole.) Kama imekwama kwa sababu ofisi imekataa kukupa waraka, unahitaji mtu wa kukufundisha kuitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi, au saa 48 ikiwa jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu. Katika yale mafunzo yangu tuliandika maombi hayo kwa mikono yetu, tukayatuma kabla ya kuondoka. Mimi nilijibiwa siku ya 19. Mwenzangu hakujibiwa, akalazimika kulalamika kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na hilo nalo likawa funzo.

Kabla ya kukubali mwaliko, uliza nani atafundisha na saa ngapi zimetengewa kazi ya vitendo. Uliza pia kama kuna mhariri atakayeisoma kazi yako wiki nne baada ya mafunzo kwisha. Swali hili ndilo ninalolipa uzito mkubwa zaidi, maana ujuzi mpya hufa katika wiki hizo nne, ukishinikizwa na mikutano ya wanahabari, mazishi ya wakubwa na mechi za Jumapili. Mwandalizi akikujibu kwa kukueleza uzuri wa hoteli, umekwisha kupata jibu.

Kuhusu gharama, wengi hawajui kwamba mwajiri wao anachangia mafunzo tayari. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoza waajiri shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mwajiri anayelipa ushuru huo anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo, mradi aombe mapema na mafunzo yatolewe na mkufunzi aliyesajiliwa. Mpelekee meneja wako jambo hili kwa maandishi na kwa adabu. Mimi nilipompelekea wangu alishangaa, kisha akauliza mbona hakuna aliyemwambia. Kwa wanaojitegemea mlango huo umefungwa, jambo ambalo naliona si la haki, kwa kuwa wao ndio wanaojaza nusu ya taarifa zetu.

Zipo pia kozi za mtandaoni zisizolipishwa. Knight Center ya Chuo Kikuu cha Texas kule Austin imekuwa ikitoa kozi za aina hiyo kwa waandishi wa dunia nzima, na nimesoma mbili. Zilinifaa baada ya kuacha kuzisoma peke yangu usiku kwa bando za simu, nikaanza kuzisoma na mwenzangu wa Kakamega, kila mmoja akimdai mwenzake zoezi la wiki. Diploma na shahada ni suala jingine. Ukitaka msingi wa kazi, ziko Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya iliyoko Nairobi, vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro, na vyuo vingine. Lakini mtu aliye kazini miaka kumi asijidanganye kwamba miaka mingine miwili darasani itamfungulia lile faili la PDF.

Kuna jambo moja ambalo sijaona mafunzo yakilishughulikia ipasavyo, nalo ni lugha. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunaandika maelezo kwa Kiingereza, kisha tunarudi studio kutangaza kwa Kiswahili, Dholuo, Lubukusu au Lulogooli. Kosa langu la kwanza lilizaliwa hapo hapo: maneno ya mkaguzi yalikuwa makini katika lugha yake, yakapoteza umakini yalipopita mdomoni mwangu. Kwa hiyo siku hizi ninapokwenda mafunzoni hubeba daftari dogo, na kila istilahi inayotajwa naiandikia namna nitakavyomweleza mama anayeuza omena katika soko la Kibuye, Kisumu. Istilahi nisiyoweza kuieleza hivyo huwa sijaielewa, namsimamisha mkufunzi papo hapo. Baada ya mafunzo yale ya siku tano tulikaa watangazaji wanne na wahariri wawili, tukakubaliana neno moja kwa kila jambo: matumizi yasiyo na stakabadhi, deni lisilolipwa, fedha zilizotengwa. Orodha hiyo bado imebandikwa ukutani studioni, na imetuepusha na aibu nyingi kuliko vyeti vyangu vyote.

Mhariri naye asiachwe nyuma. Nimewaona waandishi wakirudi na ujuzi wa kuchambua bajeti, kisha habari yao ikakatwa hadi sekunde 40 kwa kuwa mhariri hakuona uzito wake. Ukiruhusiwa kupendekeza jina la pili, pendekeza lake.

Kuhusu mafunzo ya usalama nitasema machache tu: yachukue, hasa kama wewe ndiye unayetumwa mtaa wa Kondele, Kisumu, siku ya maandamano. Kujua upepo wa vitoa machozi unavuma kutoka wapi, pa kusimama, na jinsi ya kuzuia damu isimwishie mwenzako si mambo ya kujifunzia barabarani.

Mwezi ujao nakwenda Nakuru kwa siku tatu. Waandalizi waliniomba wasifu wangu na picha. Niliwatumia hivyo, nikaambatisha kurasa mbili za ripoti ya robo mwaka ambazo jumla zake hazilingani, nikawauliza nani kati ya wakufunzi wao anaweza kukaa nami hadi zilingane au hadi tujue sababu. Mmoja amejibu. Ametaka nimpelekee na ripoti ya robo iliyotangulia.